Afisa usalama wa mionzi apewe na ruhusa ya kusema "simama"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa maabara ya barabara hapa Dodoma, mwanamke, huu ni mwaka wa kumi na moja nikila vumbi. Miaka mitatu iliyopita niliongezewa cheo cha pili kisicho na mshahara: afisa usalama wa mionzi. Jina lenyewe lilianza kunitesa kabla hata ya kazi. Katika mji huu wenye wizara kila upande, ukishatamka "afisa usalama" watu hawasubiri neno la tatu. Nilipokwenda kujitambulisha kwa mama ntilie wa saiti, nimwombe ahamishe meko yake kutoka pale tunapopakilia pikapu, alinyamaza, akanimiminia chai, akakataa hela. Wiki nzima hakuna aliyelalamikia mshahara nikiwa karibu.

Kilichonikalisha niandike ni kijana wa jirani yangu, kamaliza shahada ya fizikia na bado yuko nyumbani. Alikuja na tangazo la mkandarasi anayetaka mtu mwenye cheti cha kinga ya mionzi. "Shangazi," akaniuliza, "hiyo kozi ni ya siku ngapi, na ina posho?" Nikamtajia siku, nikamtajia na gharama. Alipoondoka nikaona nimemjibu nusu tu. Nusu iliyobaki nailetea gazeti, maana wanaopaswa kuisikia si yeye peke yake.

Watu wengi wakisikia mionzi wanawaza eksirei. Wenzetu wa hospitali angalau wana chumba, mlango wenye alama na taa nyekundu juu yake, na wakizima mashine mionzi inakatika papo hapo. Ya kwetu haina swichi. Tunapima ushindiliaji na unyevu wa tabaka za barabara kwa geji ya nyuklia, kifaa kinacholingana na betri ya lori, kina mpini mrefu, kinakaa kwenye sanduku la njano na kinasafiri nyuma ya pikapu pamoja na sululu. Ndani mna vyanzo viwili vidogo sana vilivyofungwa kwenye chuma. Cha kwanza ni sesiamu-137, kiko kwenye ncha ya fimbo. Unatoboa tundu kwenye tabaka lililoshindiliwa, unaishusha fimbo, na vihesabio vilivyo tumboni mwa kifaa vinahesabu mionzi iliyofanikiwa kupenya udongo. Udongo ukishikana vizuri inapenya michache. Ukiwa legevu inapita mingi. Cha pili ni amerisiamu-241 iliyochanganywa na berili. Hicho kinatoa nyutroni, chembe ndogo zisizoonekana, na nyutroni zikigongana na haidrojeni ya kwenye maji zinapungua kasi. Tukihesabu zilizopungua kasi tunajua unyevu. Kazi yote ni dakika moja. Kwa njia ya zamani unachimba shimo, unapima udongo wake, unajaza mchanga uliopimwa, kisha unakwenda kukausha sampuli. Asubuhi nzima imekwisha kwa mashimo machache. Ndiyo maana wakandarasi wanaipenda geji, na mimi pia naipenda.

Kuhusu umri wa vitu hivi, niliwahi kuwapigia vijana wa maabara hesabu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Sesiamu inapungua nusu kila miaka 30 hivi. Amerisiamu inachukua miaka 432. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593; kama wangefukia amerisiamu chini ya msingi siku ile, ni miaka hii tuliyomo ndiyo ingekuwa imefika nusu. Mradi wetu wa barabara una mkataba wa miezi thelathini.

Nilipelekwa kozi Arusha kwa sababu rahisi. Fundi aliyekuwa na cheti alihamia mradi mwingine, karatasi yenye jina lake ikabaki imebandikwa ukutani, na kibali cha kutumia geji kilikuwa kinahitaji jina la mtu aliyepo. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nikapanda basi alfajiri, Kondoa, Babati, nikaingia Arusha na koti jepesi la Dodoma nikatetemeka siku tano.

Kozi yenyewe nilifaidi, nisiseme uongo. Mkufunzi aliwasha mita ya mionzi mezani, hapana kitu karibu yake, na ikaanza kulia tik, tik. Mwenzetu mmoja, daktari wa meno, akarudisha kiti nyuma. Kumbe ni mionzi ya siku zote, inatoka ardhini, angani, hata kwenye chakula. Wastani wa binadamu duniani ni kama milisivati 2.4 kwa mwaka; milisivati ni kipimo cha mionzi inayompata mtu. Mimi ni mzaliwa wa Bahi, kwenye mpunga, na nakumbuka wataalamu walipokuja kutafuta urani kwetu vijiji vilivyojaa maneno ya kila namna. Laiti siku zile mtu angewasha mita kama ile mbele ya watu chini ya mbuyu, mengi yangetulia.

Tulifundishwa kwamba mfanyakazi wa mionzi kama mimi kikomo changu ni milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja nisivuke 50. Mtu wa kawaida asiyehusika na kazi hiyo kikomo chake ni 1. Tukafundishwa mambo matatu ya kupunguza: kaa muda mfupi, kaa mbali, weka kizuizi katikati. Tukafundishwa Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, kufunga sanduku, kuandika daftari la kutoka na kurudi kwa kifaa, na beji za kupima mionzi tunazovaa kifuani, ambazo husomwa kule kwenye maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu, Njiro. Yote kwa Kiingereza. Nilifaulu. Nikarudi na cheti kwenye bahasha ya kaki, nikadhani sasa mimi ni afisa.

Mlinzi wetu wa usiku wakati huo alikuwa mzee wa Kigogo kutoka upande wa Mpwapwa. Ilikuwa Julai, na wanaoijua Dodoma wanaujua upepo wa Julai. Ukianza jioni unapekua mpaka ndani ya sweta. Pale saiti kizuizi pekee kilikuwa kontena la stoo, na mzee alikuwa ameweka kiti chake kwenye ncha yake moja, upande usiopigwa na upepo, mgongo umeegemea bati. Nilikuwa nimepita kwenye kile kiti miezi mingi bila kukitazama. Jioni ile ya kurudi nilizunguka kontena na mita mkononi kama mtoto mwenye viatu vya sikukuu. Pande tatu ilisoma kawaida. Nilipofika kwenye kiti ikapanda hadi mikrosivati 8 kwa saa; mikrosivati elfu moja ndizo milisivati moja.

Niliingia ndani. Sanduku la njano lilikuwa limesukumwa hadi mwisho kabisa ili kupisha mifuko ya saruji. Kutoka sanduku hadi mgongo wa mzee nilipima sentimita 60, na bati la kontena katikati, ambalo kwa mionzi ile ni kama pazia.

Nikakaa kwenye ndoo nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta. Saa kumi kila usiku mara 8 ni mikrosivati 80. Usiku wa kumi na tatu anakuwa amemaliza kiasi cha mtu wa kawaida cha mwaka mzima. Kwa usiku mia tatu ni milisivati 24, zaidi ya wastani ninaoruhusiwa mimi mwenye beji. Najua huwa anainuka kuzunguka uzio. Hata nikitoa nusu, bado ni mara kumi na mbili ya kikomo chake. Nisimtishe mtu: kiasi hicho hakimwangushi mtu chini wala hakimtoi nywele. Ni nyongeza ndogo ya hatari ya saratani huko mbele. Lakini ni hatari aliyobebeshwa mtu asiyeambiwa, asiye na beji, kwa sababu tu saruji ilihitaji nafasi.

Nikamfuata kumweleza. Nakumbuka kila neno.

"Mbukwenyi, mzee wangu. Hapa unapokaa unapata dozi kubwa kuliko inavyotakiwa."

"Dozi ya nini, mwanangu? Mimi siumwi."

"Si ya dawa, ni ya mionzi. Imepita kikomo."

Akafikiri kidogo. "Sasa si vizuri niimalize? Kule zahanati wanatugombeza tusipomaliza dozi."

Mhariri, siku tano za Arusha ziliyeyuka pale pale. Neno nililolisoma kwenye kila ukurasa, kwake lilikuwa na maana ya kupona. Nikaliacha, nikashika moto. Nikamwambia ndani ya kontena mna jiko linalowaka usiku na mchana, hakuna anayeweza kulizima. Ukisogea mara mbili ya pale ulipokuwa, joto linalokufikia linabaki robo. Mara tatu, linabaki fungu moja katika tisa. Mzee kakulia kwenye kuota moto, hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kingine.

"Jiko lisilo na moshi wala joto, nitajuaje kama limewaka?"

"Huwezi kujua. Ndiyo maana kuna mita."

"Na mita unaondoka nayo."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tulichofanya kilichukua robo saa na hakikugharimu hata shilingi. Tulihamisha mifuko, tukasogeza sanduku ndani hadi mita 3.6 kutoka kwenye kiti. Mara sita mbali zaidi, kwa hiyo mionzi mara thelathini na sita pungufu. Mita ikashuka hadi karibu na hali ya kawaida. Upande lilikosogea sanduku nikahakikisha hakuna anayekaa nyuma ya bati. Tangu siku hiyo mzee akawa analiita geji "mgeni", na kila jioni nikikabidhi funguo ananiuliza, "Mgeni wetu kalala upande gani?"

Nimesimulia hili kwa urefu ili wanaoendesha kozi walione. Sina ugomvi na Kiingereza chao. Vitabu vimeandikwa hivyo na mitihani vilevile. Lakini kazi ya afisa akirudi saiti haifanyiki kwa Kiingereza. Inafanyika na mlinzi, dereva, kibarua, mama ntilie. Nilimwambia dereva kwamba ndani ya kifaa mna risasi inayozuia mionzi, akaniuliza kama tutasindikizwa na polisi. Dereva huyohuyo, kwa nia njema kabisa, aliona beji yake isije ikapotea, akaihifadhi ndani ya sanduku la geji mwezi mzima. Ripoti iliporudi ilionyesha kiasi cha kutisha, mkewe akalia, na mimi nikaandika maelezo kurasa tatu. Nusu siku tu ya kozi ingetengwa kwa kumfundisha afisa namna ya kumweleza mlinzi kwa Kiswahili, na karatasi moja ya kubandika stoo iliyoandikwa hivyo, mengi ya haya yasingetokea. Sisi wenyewe tunaojua maneno ya saiti tuitwe tusaidie kuiandika.

Sasa la pili, ambalo ndilo linaloniuma.

Ilikuwa Oktoba, saa tano asubuhi. Nimeweka geji kwenye tabaka, fimbo imeshuka sentimita 15, nimesogea pembeni hatua chache kama tulivyofundishwa, nasubiri dakika yangu. Rola lilikuwa linashindilia kipande cha mbele. Likaanza kurudi nyuma. Kwanza nilidhani litasimama kwenye kigingi. Likapita kigingi. Nikapiga kelele, nani anasikia kwenye ngurumo ile? Nikavua kizibao changu chenye mistari ya kung'aa nikakimbia nikipunga mbele ya kioo cha pembeni. Likasimama. Kati ya ngoma ya rola na geji nilipima baadaye hatua nne zangu, na mimi ni mfupi.

Kama lingekikanyaga, fimbo ingeweza kupinda ikiwa chini, na chanzo kikabaki nje ya kinga yake. Hapo tungefunga kipande cha barabara, tungewaita watu wa Tume, tungehesabu kila aliyepita. Nikafunga kifaa, mikono ikitetemeka, nikasema sipimi tena hapa mpaka ziwekwe koni na mtu wa bendera asimame na mimi. Mkubwa wangu, nisiyemtaja, hakukasirika wala nini. Akaangalia saa. "Mhandisi mshauri anataka matokeo saa nane. Wewe ni maabara. Pima, koni tutazungumza kwenye kikao."

Nikakumbuka barua yangu ya uteuzi. Ina mistari miwili: kuanzia tarehe fulani umeteuliwa kuwa afisa usalama wa mionzi wa mradi, tunakutakia utendaji mwema. Hapana neno "simamisha". Haisemi naripoti kwa nani, hainipi hata saa moja kwa wiki ya kufanya hiyo kazi, na anayesaini tathmini yangu ya mwaka ni yule yule anayetaka matokeo saa nane. Kule Arusha tulifundishwa kwamba afisa anapaswa kuweza kusimamisha kazi isiyo salama. Kwenye ubao lilionekana jambo jepesi.

Nikapima, Mhariri. Bila koni. Vituo sita, nikiwa nimegeuza shingo kutazama rola kuliko nilivyotazama kifaa. Matokeo yalifika saa nane kasoro. Sijawahi kumwambia mtu hili, na yule kijana alipoulizia posho ndilo lililonijia.

Wapo watakaosema nakuza mambo, geji ina chanzo kidogo. Ni kweli ni kidogo. Lakini kisa kinachofundishwa katika kila kozi ya aina hii ni cha Goiânia, Brazili, mwaka 1987, na kilikuwa cha sesiamu-137 hiyohiyo, ila ile ilikuwa nyingi kupita yangu zaidi ya mara laki moja. Kliniki ilihama ikaacha mashine ya tiba kwenye jengo tupu. Watafuta vyuma chakavu wakaingia, wakaibomoa, wakaiuza. Unga wake ulikuwa unang'aa kwa rangi ya buluu gizani, watu wakagawiana, watoto wakaushika. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na sesiamu mwilini au kwenye nguo, na zaidi ya laki moja walipangwa kupimwa. Nikisoma kisa kile siuoni ule mwanga wa buluu. Naona jengo tupu na mwenye mali aliyehama. Dodoma ya leo, yenye barabara za mzunguko, reli na uwanja wa ndege wa Msalato, imejaa wakandarasi ambao siku moja watafunga virago, na wanunuzi wa chuma chakavu wako kila mtaa na mizani zao. Siku ya kufunga virago, ni nani atakayesema hili sanduku haliondoki mpaka lisainiwe linakokwenda? Mtu mwenye barua ya mistari miwili?

Kwa hiyo ombi langu kwa waajiri ni sentensi moja ndani ya barua ya uteuzi, kwamba afisa huyu anaweza kusimamisha kazi ya mionzi na hataadhibiwa kwa hilo, na nakala ibandikwe mahali fomani anapokunywa chai. Waongeze na mtu wa pili, maana mimi pia naumwa na nina likizo. Kwa wakaguzi wanaotutembelea: mkija msianze na mimi. Mimi nina mafaili, na siku mnayokuja nimeshayapanga. Mwulizeni mlinzi mgeni wake kalala upande gani.

Kijana wa jirani nimemwambia aende tu. Fizikia yake itamsaidia kuliko ilivyonisaidia mimi niliyeishia stashahada, na kazi yenyewe ni nzuri. Mtu akikuelewa moyo unafurahi. Ila kabla hajakubali jina lake libandikwe ukutani, aombe kwanza kuisoma ile barua.

Mzee wangu alirudi kwao mvua za Desemba zilipoanza, akalime. Siku hizi walinzi wanaletwa na kampuni, wanabadilishwa kila baada ya wiki chache, na kila anayekuja namweleza habari za jiko lisilo na moshi. Nimechora mstari wa chaki kuzunguka kontena, viti visivuke. Mvua ikinyesha unafutika, nachora tena. Niliomba kopo moja la rangi ya njano tangu Januari, kwa maandishi, mara mbili. Halijaja. Chaki bado ninayo mfukoni.

Fundi wa maabara ya barabara,
Nzuguni, Dodoma.